Aliyepona corona apimwe presha kabla ya kushika jembe

Kila mwaka mvua za Novemba zinapokaribia, mkulima wa pamba wa kata ya Shishiyu, wilayani Maswa, hukagua mambo matatu kabla ya kuingia shambani. Hukagua plau, hukagua maksai na hukagua mbegu. Plau iliyolika hupelekwa kwa fundi. Maksai anayechechemea hupumzishwa au hubadilishwa. Mbegu hutafutwa mapema kupitia chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS.

Kitu kimoja hakikaguliwi, nacho ndicho kinachoendesha vyote hivyo. Ni moyo wa mkulima mwenyewe.

Uzembe huo ulikuwa na gharama yake hata zamani. Lakini tangu mwaka 2020 gharama hiyo imeongezeka kutokana na ugonjwa ambao wengi wanauhesabu kuwa umeshapita. Ni kweli kwamba Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa corona si dharura ya dunia tena. Hata hivyo, tangazo hilo lilihusu mlipuko wa ugonjwa. Halikuhusu mioyo ya watu walioupata wakapona na kurudi shambani.

Utafiti uliofanywa katika nchi zenye kumbukumbu nzuri za wagonjwa unaonyesha kwamba homa inaweza kuisha katika wiki mbili, lakini hatari kwa moyo na mishipa ya damu ikaendelea kwa miezi na hata miaka. Kwa mkoa kama Simiyu, unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba na ambao pamba yake hulimwa kwa nguvu za mikono na maksai, hili si suala la madaktari peke yao. Ni suala la uchumi wa kaya.

Utafiti unasema nini

Februari 2022, jarida la kitabibu la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Marekani kwa kutumia kumbukumbu za askari wastaafu. Watafiti walifuatilia zaidi ya watu 153,000 waliougua corona na kuwalinganisha na mamilioni ya wenzao ambao hawakuugua. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 1,000 waliougua kulikuwa na wagonjwa 45 zaidi wa maradhi ya moyo na mishipa ya damu kuliko katika watu 1,000 ambao hawakuugua. Miongoni mwa hao 45, wagonjwa 12 walikuwa wa moyo kushindwa kusukuma damu sawasawa.

Jambo lililowashtua wengi ni kwamba hatari hiyo ilionekana hata kwa watu ambao hawakulazwa hospitalini. Aliyeugua nyumbani alikuwa na hatari ndogo kuliko aliyelazwa, lakini alikuwa na hatari kubwa kuliko yule ambaye hakuugua kabisa.

Oktoba 2024 yalitoka matokeo mengine, safari hii kutoka Uingereza. Yaliwahusu watu wapatao 10,000 walioambukizwa mwaka 2020, kabla chanjo hazijaanza kutumika kwa wingi. Katika takriban miaka mitatu iliyofuata, hatari ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufariki dunia ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya watu ambao hawakuambukizwa. Kwa waliolazwa hospitalini ilikaribia mara nne.

Kirusi huyaleta haya kwa njia kadhaa. Mwili unapopigana nacho, misuli ya moyo inaweza kuvimba, na ikipona ikabaki na kovu. Kuta za ndani za mishipa ya damu huumia, na damu huwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa kuganda. Aliyekuwa na presha ya juu au kisukari bila kujua huzidishiwa mzigo ambao moyo wake ulikuwa tayari umechoka kuubeba.

Wala corona si kirusi cha kwanza kufanya hivyo. Madaktari wamejua kwa miaka mingi kwamba virusi vya mafua makali na vya magonjwa mengine vinaweza kuvimbisha misuli ya moyo. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika siku saba za kwanza baada ya mtu kugundulika na virusi vya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo uliongezeka mara sita.

Ni haki kusema kwamba askari wastaafu wa Marekani, wengi wao wanaume wenye umri mkubwa, si sawa na wakulima wa Shishiyu. Wanakula tofauti, wanafanya kazi tofauti na hospitali zao ni tofauti. Ni haki pia kusema kwamba walio wengi waliougua corona wamepona bila tatizo lolote la moyo. Hakuna sababu ya mtu kukosa usingizi. Lakini mkulima anayepiga dawa shamba zima kwa sababu ameona viwavi katika miche michache anajua maana ya kuchukua hatua kabla hasara haijaonekana.

Ugonjwa usioandikwa daftarini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo kubwa la corona hapa nchini ni kwamba wengi walioipata hawakuandikwa popote.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020 mkoani Arusha. Kuanzia Mei mwaka huo takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika kipindi hicho watu waliugua, wakapiga nyungu, wakanywa tangawizi na malimao, wakapona. Wengine hawakupona. Mwanzoni mwa mwaka 2021 vijijini na mijini watu walizungumzia nimonia na changamoto ya kupumua. Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021, ikianza na dozi zaidi ya milioni moja kwa nchi nzima. Maana yake ni kwamba walioambukizwa kabla ya hapo walikutana na kirusi bila kinga yoyote ya chanjo, sawa na wale waliochunguzwa Uingereza.

Matokeo yake ni kwamba leo mkulima wa miaka 50 akifika zahanati akilalamika kuchoka, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba miaka kadhaa iliyopita alilala ndani wiki tatu akihema kwa shida. Mganga wa zahanati hawezi kuuliza asichokijua. Mkulima naye haoni uhusiano wa homa ile na uchovu wa sasa. Anasema ni uzee. Jirani anasema ni uvivu. Wengine wanasema amelogwa, na safari ya kwanza inakuwa kwa mganga wa kienyeji, huku fedha zikitoka na miezi ikipita.

Kwa hiyo kusubiri uthibitisho wa nani aliugua corona na nani hakuugua ni kusubiri kitu ambacho hakitapatikana. Njia iliyo rahisi ni kumchukulia kila mtu mzima aliyepata homa kali yenye shida ya kupumua katika miaka ya 2020 hadi 2022 kuwa na alama moja ya hatari, kisha kumpima. Anayeugua homa ya namna hiyo sasa achukuliwe vivyo hivyo.

Hesabu ya kaya

Wachumi huzungumza sana kuhusu mtaji wa fedha na mara chache kuhusu mtaji wa nguvu. Kwa kaya ya Shishiyu, mtaji wa nguvu ndio mkubwa kuliko wote. Ndiyo maana Wasukuma wana hata ngoma ya jembe, bugobogobo, ambayo heshima ya mtu ndani yake inatokana na uwezo wake wa kulima.

Tuseme kaya ina eka 3 za pamba na inavuna kilo 250 kwa eka, kiwango cha kawaida kwa mkulima mdogo. Itapata kilo 750. Kwa bei ya kufungulia msimu wa mwaka 2023, ambayo ilikuwa sh 1,060 kwa kilo, kaya hiyo ingepata sh 795,000.

Sasa tuseme baba wa kaya hawezi tena kupalilia kwa sababu akiinama mara kumi moyo unamwenda mbio na pumzi inakata. Kaya inaajiri vibarua. Tuseme palizi ya eka moja ni sh 40,000, na pamba inahitaji palizi mbili. Hapo zimekwenda sh 240,000, karibu theluthi moja ya mapato yote, na bado hajalipwa mtu wa kupulizia dawa wala wa kuchuma. Deni la pembejeo nalo linasubiri siku ya kupima pamba.

Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kaya hupunguza eneo, kwa kuwa haina fedha za vibarua wa eka 3. Mwaka wa tatu huuza maksai mmoja ili kulipia safari za hospitali, na maksai mmoja aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake. Baadaye mtoto huacha shule ili ashike jembe. Umaskini wa namna hii hauji kwa kishindo kama ukame au mafuriko. Huja polepole kama mchwa katika nguzo ya nyumba, na hakuna mkuu wa wilaya anayekuja kuutathmini.

Mfanyabiashara mdogo hana unafuu zaidi. Anayezunguka minadani na marobota ya mitumba au magunia ya dagaa hutegemea miguu na mgongo wake. Akikosa minada minne mfululizo, mtaji unaliwa nyumbani. Akirudi, wateja wake wameshahamia kwa mwingine.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jinsi kilimo kinavyougongana na ushauri wa daktari. Mwanamichezo aliyevimba misuli ya moyo kwa sababu ya virusi amekuwa akishauriwa kuacha mazoezi mazito kwa miezi 3 hadi 6. Mchezaji wa mpira anaweza kukaa benchi. Lakini kutoka kupanda pamba mwezi Novemba hadi kufunguliwa kwa soko mwezi Mei ni miezi hiyo hiyo 6. Kumwambia mkulima apumzike ni kumwambia aache msimu mzima. Ndiyo sababu tatizo linatakiwa ligundulike mapema, wakati bado linaweza kutulizwa kwa vidonge na kupunguza kazi, kabla halijafikia hatua ya kumwondoa shambani kabisa.

Presha si ugonjwa wa matajiri

Wapo wanaoamini kwamba mtu anayelima hawezi kuwa na presha, kwa sababu jembe ni mazoezi tosha. Ni kweli kazi ya shamba huusaidia mwili, lakini haimkingi mtu moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 4 hapa nchini, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na presha ya juu. Huwezi kupata idadi kubwa kiasi hicho kwa kuhesabu matajiri peke yao.

Uchunguzi mwingine uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwaangalia wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi sawasawa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Chanzo kikuu kilikuwa presha, kwa asilimia 45. Katika nchi tajiri ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa miaka 70 na kuendelea, ambao wameshastaafu. Hapa unamkuta mtu angali na watoto wa kusomesha na ng'ombe wa kuchunga.

Kwa hiyo presha ndiyo mlango mkuu, na kirusi huusukuma mlango huo ambao tayari uko nusu wazi. Bahati nzuri ni kwamba presha ndiyo inayopimika kwa urahisi kuliko yote. Haihitaji maabara wala sindano. Ni dakika tano na mkanda wa mkononi.

Zipo pia dalili ambazo mtu anaweza kuzitambua mwenyewe: kukatika pumzi kwa kazi ambayo mwaka jana haikumsumbua, kushindwa kulala chali mpaka aweke mito miwili au mitatu, miguu kuvimba jioni, na moyo kwenda mbio bila sababu. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya bila kusubiri palizi iishe. Maumivu makali ya kifua, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kupoteza nguvu ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kipimo kiwekwe penye mzani

Tatizo ni kwamba mkulima haendi zahanati kama haumwi, na presha haiumi. Basi kipimo kimfuate mahali ambapo lazima afike. Katika Simiyu mahali hapo panajulikana. Ni kwenye ghala la AMCOS, msimu wa kuuza pamba.

Siku hiyo mkulima yupo, anasubiri zamu yake ya mzani, na pengine kwa mara ya kwanza katika mwaka ana fedha inayomsubiri. Mhudumu wa afya kutoka zahanati ya kijiji akikaa pale na kipimo cha presha na daftari, anaweza kuwafikia katika wiki chache watu ambao zahanati isingewaona kwa miaka. Kipimo chenyewe hakifikii bei ya ndama. Tuseme AMCOS iliyokusanya kilo 200,000 ikatenga shilingi moja tu kwa kila kilo kutoka katika ushuru wake. Inapata sh 200,000, ambazo zinatosha kununua kipimo na kumpa mhudumu nauli na chakula cha mchana kwa siku kadhaa.

Aidha, soko hufunguliwa Mei, miezi sita kabla ya kilimo kuanza tena. Anayekutwa na presha ya juu ana muda wa kurudiwa vipimo, kuanza dawa na kuzoea kabla ya Novemba. Mwenye dalili za moyo ana muda wa kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Maswa au ya mkoa iliyoko Bariadi, na ikilazimu Bugando, Mwanza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu mwaka 2015, lakini mkulima anayelazimika kwenda huko kwa kuchelewa ameshapoteza mengi njiani.

Maonyesho ya Nane Nane nayo yatumike vivyo hivyo. Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, vilivyobeba maonyesho ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, vimeonyesha kwamba wakulima wa mkoa huu hujitokeza kwa wingi kuangalia matrekta na mbegu. Banda la presha likae karibu na banda la matrekta, siyo pembeni mahali ambapo mtu hupita akielekea nyumbani.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kupima bila dawa ni kumpa mtu hofu bure, kwa kuwa zahanati mara nyingi huishiwa dawa. Hoja hii ina uzito. Lakini dawa huagizwa kwa idadi ya wagonjwa walioandikwa. Zahanati yenye wagonjwa 6 wa presha katika rejista itaomba dawa za watu 6, hata kama kijiji kina watu 200 wenye presha. Daftari la AMCOS ndilo litakaloipa halmashauri sababu ya kuagiza zaidi, na litawapa wanakijiji sauti ya kudai.

Wengine watasema mkulima hana fedha za matibabu ya muda mrefu. Ni kweli, na ndiyo maana bima inapaswa kulipiwa siku ya mauzo, wakati fedha ipo, siyo Februari wakati wa njaa. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu 6 ilikuwa ikichangia sh 30,000 kwa mwaka. Kwa bei ya mwaka 2023 hizo ni chini ya kilo 30 za pamba. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na vyama vya ushirika vina nafasi ya kuwa njia ya kukusanyia michango kwa hiari ya wanachama wenyewe, kama vinavyokusanya madeni ya pembejeo.

Hoja ya tatu ni ya wagonjwa wenyewe. Wengi huanza dawa, wakijisikia nafuu huacha. Hapa elimu inahitajika kwa lugha ya shambani. Dawa ya presha haifanani na dawa ya malaria, ambayo humezwa kwa siku tatu basi. Inafanana na palizi. Anayepalilia mara moja kisha akasema shamba limeshakuwa safi, anajua atakachokikuta baada ya mwezi mmoja.

Viongozi wa AMCOS, halmashauri na wahudumu wa afya hawahitaji kusubiri mradi wa wafadhili ili waanze. Wanahitaji meza moja, kipimo kimoja, daftari moja na makubaliano ya mkutano mkuu wa wanachama. Mkulima naye hahitaji kusubiri viongozi. Kama aliwahi kulala na homa ile iliyokata pumzi, apite zahanati apimwe kabla mvua hazijaanza, kisha aandike namba aliyoambiwa nyuma ya daftari lake la pamba. Mwakani apime tena na kulinganisha, kama anavyolinganisha kilo za msimu huu na za msimu uliopita.